'Malaika', Makeba na pata potea ya vibao vya zamani

MKUSANYIKO wa vibao bora vya Miriam Makeba, uwe wa santuri, wa kanda au huu wa siku hizi unaopakuliwa kwenye simu, ni nadra kukosa nyimbo mbili. Wa kwanza ni 'Malaika', wimbo wa polepole wa kubembeleza. Wa pili ni 'Pata Pata', wimbo wa kusakata. Hapa Kakamega nyimbo hizo zingali hai: 'Pata Pata' nausikia kwenye matatu, na 'Malaika' nausikia harusini, bibi harusi akiingia kwa mwendo wa kinyonga.

Wasomi wengi wa Kiswahili hawaoni la kuchambua hapo. Ati hiyo ni burudani tu. Mimi naona vingine. Mkusanyiko wa vibao vya malkia wa muziki ni kumbukumbu ya lugha, sawa na diwani ya mashairi. Tofauti ni kwamba diwani tumeitunza kwa uangalifu ilhali mikusanyiko hii tumeiachia wauzaji. Wimbo wa kubembeleza unapotolewa mahali pake na kupigwa upya ili watu wacheze, kitu cha kwanza kupotea ni maana ya maneno. Cha pili ni jina la mtunzi.

Wakazi wa miji yetu wanaujua mchezo wa karata uitwao pata potea. Mchezaji anapepesa karata tatu, wewe unakodoa macho kwa ile uliyoiweka akilini, kisha ukiigeuza unakuta siyo. Historia ya 'Malaika' ni pata potea ya aina hiyo. Kila mara wimbo ulipogeuzwa, tulipata kitu na tukapoteza kingine. Hebu tuzifuate karata hizo moja baada ya nyingine.

Tuanze na mwimbaji. Miriam Makeba alizaliwa karibu na Johannesburg mnamo 1932. Alikulia katika mitaa ya watu weusi ambako muziki wa jazi ulichanganyika na nyimbo za Kixhosa na Kizulu. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1959, na mama yake alipofariki mwaka 1960, akataka kurudi kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaushtaki utawala wa ubaguzi wa rangi. Serikali ya nchi yake ikajibu kwa kuzipiga marufuku nyimbo zake. Hakurejea nyumbani hadi 1990. Katika miaka hiyo ya ughaibuni, bara zima lilikuwa nyumbani kwake, na ndiyo maana akaitwa Mama Afrika. Kenya aliizuru mwaka 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi, ili kuunga mkono harakati zetu.

Mwimbaji wa namna hiyo alihitaji nyimbo za Afrika nzima, siyo za Kixhosa tu. Kiswahili kikampa 'Malaika'.

Wimbo huu ulikuwa umerekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Fadhili William, kijana wa Taita aliyezaliwa 1938, kwanza akiwa na bendi ya Jambo Boys, kisha katika studio ya Equator Sound iliyosimamiwa na Charles Worrod. Mwaka 1965 Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao 'An Evening with Belafonte/Makeba', na albamu hiyo ikatuzwa Grammy. Mwaka 1967 bendi ya The Hep Stars ya Uswidi ikaurekodi. Mpiga kinanda wake, Benny Andersson, ndiye aliyekuja kutamba baadaye na ABBA. Mwaka 1981 kundi la Boney M. likautia midundo ya disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake 'Logozo'. Wimbo mmoja wa Kiswahili ukawa umeimbwa na Mxhosa, Waswidi, kundi la disko kutoka Ujerumani na Mbenin. Ni nyimbo chache sana za lugha yetu zilizosafiri hivyo.

Hayo ndiyo tuliyopata. Je, tulipoteza nini?

Tazama kwanza sarufi ya wimbo wenyewe. Asiyejua Kiswahili husikia neno 'malaika' na kudhani anasikiliza furaha ya wapendanao. Anayekijua anasikia malalamiko. Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, lakini hana mali. Wimbo mzima umetundikwa kwenye kiambishi kimoja kidogo: -nge-. Hiki ni kiambishi cha masharti. Kinatuambia kwamba jambo halijatendeka, na halitatendeka hadi sharti fulani litimie. Walimu wa shule za msingi huwachosha wanafunzi wakiwaeleza tofauti kati ya -nge- na -ngali-. Yupo mwanafunzi anayeuliza, 'Mwalimu, inasaidia nini?' Jibu liko katika wimbo huu. Kiambishi -ngali- hutumika pale nafasi ilipokwisha kupita. Kiambishi -nge- huacha mlango wazi kidogo. Mtunzi angetumia -ngali-, tungejua msichana ameshaolewa na mwingine na kijana amebaki na kumbukumbu. Kwa kutumia -nge-, anatuambia msichana yupo, penzi lipo, tumaini lipo, ila mfuko ni mtupu. Uchungu wa wimbo umo humo.

Neno 'mali' nalo lina mambo yake. Kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya utajiri au vitu vya thamani. Pwani ya Waswahili, kijana anayeposa huzungumzia mahari, neno jingine la Kiarabu, na kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe. Bara, hususan katika jamii zetu za Magharibi, mazungumzo ya ndoa yamekuwa ya ng'ombe wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, na tukizungumza Kiswahili mara nyingi husema 'kupeleka mali' au 'kulipa mali'. Kwa hiyo wimbo uliorekodiwa na Mtaita jijini Nairobi uliwaingia watu wa Kakamega bila tafsiri. Kijana aliyerudi kutoka kibarua mjini bila ng'ombe hata mmoja hakuhitaji kuelezwa wimbo unasema nini.

Hata neno 'malaika' limesafiri. Katika Kiarabu ni wingi; mmoja huitwa malak. Kiswahili kililipokea neno hilo la wingi kikalitumia kwa mmoja na kwa wengi: malaika huyu, malaika hawa. Kisha kikaliongezea maana za nyumbani. Vinyweleo laini vya mwilini huitwa malaika. Mtoto mchanga asiyejua dhambi huitwa malaika. Kwa hiyo mpenzi anayeitwa malaika anaitwa kiumbe wa mbinguni, na wakati uo huo anaitwa kitu laini kisicho na hatia. Nani atasikia hayo yote katika disko?

Sasa tugeuze karata ya pili. Makeba ni mwanamke. Kidjo ni mwanamke. Kiswahili sanifu kinatenganisha vitenzi viwili hapa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Lakini malkia hawa hawakubadilisha kitenzi. Waliimba kwa kauli ya kutenda, wakasema wao ndio wangeoa. Msikilizaji wa Marekani au Uswidi hakuona kasoro yoyote. Msikilizaji wa Lurambi au Malava aliona mara moja. Wengine wakacheka, wakasema huyu mama Kiswahili kimempiga chenga.

Mimi siamini kwamba ni suala la kupigwa chenga tu. Katika utamaduni wa nyimbo za Waswahili, sauti ya mwimbaji na sauti ya mtunzi si lazima ziwe za jinsia moja. Katika taarabu, wanaume wameandika maneno yakaimbwa na wanawake, na hakuna aliyestaajabu. Mwimbaji huyavaa maneno kama vazi. Zaidi ya hayo, zingatia aliyekuwa akiimba. Huyu alikuwa mwanamke aliyenyimwa pasipoti, aliyeshindwa kumzika mamake, ambaye kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa nje ya uwezo wake. Kiambishi -nge- hakikuwa kigeni kwake hata kama lugha ilikuwa ngeni. Naam, katika mdundo wa polepole aliouchagua, yule asiyeelewa hata silabi moja bado angeweza kuhisi kwamba kuna kitu kinakosekana. Hapo lugha ilipotea kiasi, lakini moyo wa wimbo ulibaki.

Karata ya tatu ndiyo hatari. Wimbo ulipotiwa mdundo wa disko, hata ule moyo ulipungua. Simlaumu anayecheza. Kusakata ni haki ya kila mwenye miguu! Ninachosema ni kwamba mdundo wa haraka unamhimiza msikilizaji alishike neno moja, lile linalorudiwarudiwa, na kuyaacha mengine yapite. 'Malaika' likabaki, -nge- ikaondoka. Na pindi -nge- ilipoondoka, wimbo wa kijana asiyeweza kuoa ukageuka kuwa wimbo wa harusi.

Lifikirie jambo hilo kidogo. Bwana harusi ameshalipa mali, wazazi wamekaa kwenye mahema, keki imewekwa mezani, halafu kinasa sauti kinatangaza kilio cha mtu aliyeshindwa kumwoa ampendaye kwa sababu ya umaskini. Watu wanapiga vigelegele! Wengi wa hao wanaopiga vigelegele ni wasemaji wa Kiswahili. Ina maana kwamba toleo la kigeni limeturudia na kutufunza kutosikia lugha yetu wenyewe. Hiyo ndiyo hasara ninayoisemea, na haihusu muziki pekee.

'Pata Pata' nao unatoa funzo linalofanana na hilo, kutoka upande wa pili. Kwa Kixhosa na Kizulu, kitenzi 'phatha' kina maana ya kugusa au kushika, na wimbo ulihusu mtindo wa kucheza uliovuma katika mitaa ya Johannesburg, ambapo wachezaji walipapasana. Sisi Waswahili tulisikia 'pata', yaani kupokea au kufanikiwa, tukaridhika. Watoto wa hapa walidhani mama anaimba kuhusu kupata pesa. Makeba aliutoa wimbo huo Marekani mwaka 1967, ukawa maarufu kuliko wowote aliowahi kuimba, na mwaka 2000 akautoa tena kwa vionjo vya kisasa, 'Pata Pata 2000', katika albamu ya 'Homeland'. Yeye mwenyewe alishangaa kwamba wimbo mwepesi kama huo ndio uliomtambulisha duniani. Alikuwa na nyimbo nzito. Aliimba 'Soweto Blues', wimbo wa Hugh Masekela na Stanley Todd kuhusu watoto waliouawa mwaka 1976. Aliimba wimbo wa kumwonya Verwoerd, uliotungwa na Vuyisile Mini, mwanaharakati aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1964. Lakini ukiomba kibao cha Makeba popote pale, utapewa cha kusakata. Vibao 'bora' mara nyingi ni vile vilivyouzika. Ubora wenyewe ni suala jingine.

Tumeona jinsi maana inavyopotea. Tuje kwenye jina.

Nani alitunga 'Malaika'? Fadhili William alijulikana kuwa mwenyewe, na jina lake ndilo lililotajwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, Grant Charo na Lucas Tututu wa Pwani ya Kenya pamoja na Adam Salim wa Tanzania wote wamewahi kutajwa kuwa watunzi. Mjadala huo umewashughulisha waandishi wa habari na wanamuziki kwa miongo mingi. Fadhili alifariki mwaka 2001 ukiwa ungali unatokota. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao na kwa wenzao, na bado hadi leo wapo vijana wanaoniuliza iwapo 'Malaika' ni wimbo wa Makeba au wa Boney M.

Hakuwa peke yake. Katika bendi hiyo hiyo ya Equator Sound alikuwemo Daudi Kabaka, mwana wa Maragoli, wakati ambapo Vihiga ingali sehemu ya wilaya ya Kakamega. Wimbo wake 'Helule Helule' ulichukuliwa na bendi ya The Tremeloes ya Uingereza, ukavuma huko mwaka 1968. Ni watoto wangapi wa Mbale au Chavakali wanaojua kwamba vijana wa Uingereza waliwahi kucheza twisti ya babu yao? Kabaka naye alifariki mwaka 2001, mwaka mmoja na Fadhili.

Na huko Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi 'Mbube' mwaka 1939. Makeba aliuimba katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1960. Ulimwengu ukautajirikia kwa majina mengine, na Linda akafariki maskini mwaka 1962. Jamaa zake walifikia makubaliano ya kulipwa mnamo 2006. Huko angalau palipatikana maandishi ya kusimamia kesi. Jina likiandikwa, haki huweza kuchelewa lakini hupata pa kurudia. Jina lisipoandikwa, haki haina anwani.

Hapa ndipo ninaporejea kwenye diwani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo 1840. Mashairi yake yalikuwa maneno ya mitaani: mafumbo, matusi ya kistaarabu, mapenzi, vita vya Mvita na Zanzibari. Yalikuwa vibao vya wakati wake. Hata Profesa Mohamed Abdulaziz, alipoandika juu yake kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1979, aliyaita mashairi pendwa. Yangepotea yote. Hayakupotea kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akishirikiana na Mwingereza William Taylor, wakayaandika na kuyawekea maelezo: hili lilimhusu nani, lilitungwa kwa kisa gani, neno hili gumu lina maana gani. William Hichens akayachapisha kama diwani mwaka 1940, katika chapa ya chuo kikuu kilichoko Johannesburg, mji ule ule ambao Makeba alizaliwa karibu nao. Leo mwanafunzi wa chuo anaweza kulichambua shairi la Muyaka kwa uhakika kuliko anavyoweza kuuchambua wimbo uliorekodiwa babu yake akiwa hai. Je, hilo halitutii aibu?

Washairi wetu wa jadi walilijua tatizo hili mapema. Wengi walijitaja katika ubeti wa mwisho, na baadhi wakataja tarehe na mji wao, ili shairi likisafiri lisafiri na cheti chake. Wimbo wa santuri haukuwa na ubeti huo. Cheti chake kilibandikwa kwenye karatasi ya duara katikati ya sahani. Santuri ilipogeuzwa kuwa kanda, kanda ikawa sidii na sidii ikawa faili ya simu, ile karatasi ilibanduka. Ndiyo maana kila mkusanyiko mpya unaotoka unajua jina la malkia, unajua hata jina la dijei aliyeongeza ngoma, lakini haumjui aliyeketi akayapanga maneno.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni.

Kwanza, vyuo vyetu vya Magharibi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega, viwatume wanafunzi wa Kiswahili kuandika maneno ya nyimbo za miaka ya 1950 hadi 1980, kwa tahajia sahihi na kwa maelezo, kama alivyofanya Mwalimu Sikujua. Wazee waliozisikia zikiwa mpya wangali wapo, ila hawatungojei.

Pili, walimu wa sekondari wazitumie nyimbo hizi darasani. Fasihi simulizi inatahiniwa katika KCSE, na nyimbo ni sehemu yake. Mwanafunzi aliyefunzwa -nge- kupitia 'Malaika' hataisahau, na akienda harusini atajua anachokisikia.

Tatu, anayetoa mkusanyiko wowote wa vibao aandike jina la mtunzi, mwaka wa rekodi ya kwanza na bendi iliyorekodi. Pakiwa na mzozo, aandike kwamba pana mzozo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi ulinzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo ni wa maneno matupu ikiwa jina lenyewe halipo.

Siombi watu waache kucheza, wala siombi Makeba apunguziwe sifa. Bila yeye 'Malaika' ungebaki wimbo wa Nairobi. Mwanamke aliyekosa nchi aliibeba lugha isiyo yake akaipeleka mahali ambapo sisi wenyewe hatukuwahi kuifikisha, na deni hilo tumlipe kwa heshima. Lakini mgala muue na haki yake umpe. Aliyetunga naye ana deni lake kwetu, na deni hilo halilipwi kwa vigelegele. Linalipwa kwa kuandika jina lake, na kwa kusikiliza maneno yake hadi mwisho kabla hatujainuka kucheza.